Funga Maji Kwanza, Ndipo Umwite Fundi

Niliposhtuka usingizini nilidhani mvua imeanza. Ulikuwa ule mlio wa maji mengi yanayopiga kitu kigumu bila kupumzika, na kwa muda nilibaki nimelala, nikishukuru kuwa ndani. Kisha nikatambua kwamba mlio unatoka jikoni. Nilipotia mguu kwenye ukumbi nyayo zililowa, na ndara yangu moja ilikuwa imeshasafiri mpaka mlango wa bafu.

Chini ya sinki, ule mpira mfupi uliosukiwa nyuzi za chuma, unaopandisha maji kwenye bomba la sinki, ulikuwa umepasuka karibu na nati yake. Niliuzungushia taulo, taulo likasukumwa. Niliushika kwa mikono miwili, maji yakanirukia usoni. Palikuwa na koki ndogo ukutani pale pale, nikajaribu kuizungusha, ikakataa. Ilikuwa haijaguswa tangu siku ilipofungwa. Nikaacha maji yaende, nikashika simu, nikapiga namba ya kwanza niliyoipata ya fundi bomba wa dharura. Aliniuliza nakaa wapi, akasema “nakuja”, akakata.

Alifika baada ya dakika 40 hivi. Hakuingia jikoni kwanza. Alikwenda moja kwa moja nje, kwenye mita ya maji, akapiga magoti, akainua kifuniko kidogo cha chuma na kuzungusha koki. Mlio ukakoma.

Siku chache baadaye nilitaka kujua ule ukimya ungeniokolea kiasi gani kama ungekuja mapema. Nilichukua ndoo ya lita 20, nikafungulia bomba la nje mpaka mwisho na kutazama saa. Ndoo ilijaa kwa sekunde 75. Hizo ni lita 16 kwa dakika, na kwa dakika 40 ni lita 640. Lita 640 zilipita kwenye kabati, chini ya vigae na ndani ya mlango wa mbao ambao mpaka leo haufungi vizuri, wakati koki ya kuyazuia ilikuwa hatua chache kutoka mlango wangu wa nyuma.

Naandika haya kwa sababu ya kilichofuata. Fundi alisimama kwenye jikoni iliyofurika, akapiga tochi ukutani, akaniambia mabomba yote ya jikoni yamechoka na yanatakiwa kubadilishwa usiku ule ule. Nilikubali. Nilikuwa nimelowa, natetemeka, nimefedheheka na hali ya nyumba, na mbele yangu palikuwa na mtu mmoja aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza kuyanyamazisha yale maji. Angeniambia paa nalo libadilishwe, ningekubali. Alivunja ukuta, akafanya kazi mpaka kukapambazuka, akanitajia malipo ambayo hatukuwahi kuyazungumza, akaondoka na vipande vyote vya zamani. Hakuniachia karatasi yoyote.

Wiki mbili baadaye nilimwita fundi mwingine, mtu mzima, kwa sababu ya unyevu chini ya kabati. Alichuchumaa, akatazama kwa muda mrefu bila kugusa kitu, kisha akaniuliza, “Dada, hapa ndipo unapoweka dawa za kusafishia?” Nikamwambia ndiyo. Akanionyesha mpira wa pili, ule wa maji ya moto, ndugu wa ule uliopasuka. Nyuzi zake zilikuwa na madoa ya kahawia na tatu zilishakatika. Mvuke wa dawa zenye klorini, ukifungiwa kabatini, hula zile nyuzi hata kama zimetengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Ndani ya zile nyuzi mna mpira laini tu. Nyuzi zikiisha, hakuna kinachouzuia kuvimba na kupasuka. Kwa hiyo usiku ule ukuta wangu ulivunjwa na mabomba mapya yakawekwa, lakini kitu kilichokuwa karibu kupasuka kwa mara ya pili kiliachwa mahali pake, wazi, mbele ya macho. Yule mzee alikagua pia mabomba ya bafuni, ya umri ule ule na aina ile ile na yale yaliyong'olewa jikoni. Yalikuwa mazima.

Simlaumu yule wa kwanza kwa kutoza zaidi usiku. Mtu anayeacha kitanda chake saa 8 za usiku kwenda kulowa kwa ajili ya nyumba ya mwingine anastahili malipo ya usiku, na nitamlipa yeyote bila kinyongo. Ninachosema ni kwamba mimi sikuwa katika hali ya kumchagua mtu wala kupima maneno yake. Maji yakimwagika, kila sekunde inakusukuma useme ndiyo. Yakishafungwa, unabaki na bomba lililovunjika, na bomba lililovunjika halina haraka yoyote; linaweza kungoja asubuhi, likangoja na maoni ya fundi wa pili.

Basi koki ndiyo kitu cha kwanza. Itafute leo, mchana, ukiwa umevaa viatu vikavu. Mara nyingi iko karibu na mita, au pale bomba kuu linapoingia nyumbani, au chini ya sinki la jikoni. Kwenye majengo ya ghorofa inaweza kuwa ukumbini au kwenye uwazi wa ukutani ambako mabomba yote hupanda, na pengine ufunguo wa kile kijimlango anao msimamizi wa jengo. Hilo ni jambo la kuliuliza mapema, kabla halijawa swali la usiku wa manane.

Kuna koki za aina mbili utakazokutana nazo zaidi, na inafaa kuzitambua kwa macho. Bol valvu ina mpini mrefu, na ndani yake mna tufe lenye tundu. Mpini ukilala sambamba na bomba, maji yanapita. Ukikaa kimsalaba, yamefungwa. Ni robo mzunguko tu. Geti valvu ina usukani mdogo wa duara, na ndani yake mna kisahani kinachoshushwa kama mlango. Unazungusha kulia mara nyingi mpaka ufike chini. Hii ya pili ndiyo inayowaumiza watu. Ikikaa miaka bila kuguswa, chokaa na kutu huing'ang'ania, na mkono wenye hofu ukiilazimisha, shina hukatika, usukani ukabaki kiganjani na maji yakaendelea. Dawa yake ni kuizungusha mara mbili kwa mwaka, kufunga na kufungua, na ukishaifungua mpaka mwisho uirudishe nyuma kama nusu mzunguko ili isigande juu. Ikianza kudondosha shingoni baada ya kuguswa, usiogope. Ile nati ya shingoni hukazwa kidogo tu na tone hukoma. Mimi nilimwomba yule mzee aniondolee ya kwangu aniwekee bol valvu. Ndiyo matengenezo ninayojivunia kuliko yote katika nyumba hii.

Kama nyumba yako ina tangi juu, jua kwamba una vyanzo viwili. Ukifunga koki ya mita umezuia tangi lisijazwe, lakini kilichomo ndani kitashuka chote kupitia ufa, na tangi la lita 1,000 ni tani nzima ya maji. Tafuta koki inayotokea tangini na uijaribu nayo.

Ukishafunga, fungulia bomba la chini kabisa katika nyumba, na lile la juu kabisa. La chini litayatoa maji yaliyobaki mahali unapopataka wewe, la juu litaingiza hewa ili yashuke upesi. Kama kilichopasuka ni bomba la maji ya moto na nyumba ina hita ya tangi, funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita. Maji ya moto hayatoki kwa nguvu yake yenyewe, yanasukumwa na yale ya baridi. Na kabla hita haijaanza kukauka, zima umeme wake au gesi yake. Koili, yaani ule waya wa kupashia maji, ikiwaka bila maji juu yake huungua kwa muda mfupi sana, na hapo utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kuna koki nyingine kwenye hita ambayo watu huichukia kwa sababu inadondosha: ile ya usalama, ya kutoa shinikizo. Nimewahi kuona mtu ameikomea kwa kizibo ili isichafue sakafu. Tafadhali usifanye hivyo kamwe. Maji yakipashwa kutoka ubaridi hadi karibu na kuchemka huongezeka kwa takriban asilimia 4, kwa hiyo hita ya lita 100 inahitaji pa kuzipeleka lita 4, na kama njia zote zimefungwa, chombo chenyewe ndicho kitakachoachia. Ikitoa maji ya moto au mvuke mfululizo, zima chanzo cha joto, kaa mbali na umwite fundi. Hiyo ni dharura ya kweli, hata kama sakafu ni kavu.

Umeme unatangulia kila kitu. Maji yakifika kwenye soketi, au yakianza kudondoka kutoka kwenye taa, usiyakanyage kwenda kuokoa chochote. Zima swichi kuu kama unaifikia ukiwa mahali pakavu. Kama njia ya kuifikia ina maji, toka nje na umtafute mtu wa umeme kabla ya mtu wa maji.

Dari nayo inadanganya. Maji ya bafu la juu hukusanyika juu ya ubao wa dari kimyakimya, ubao ukavimba kama tumbo, na watu husimama chini yake wakitazama. Lita moja ni kilo moja. Lita 40 zikishuka pamoja na ubao wake zinaweza kumvunja mtu shingo. Zima umeme wa chumba hicho, toa watu na vitu, weka ndoo kubwa, na ukiwa umesimama pembeni toboa tundu dogo kwa bisibisi pale palipovimba zaidi. Yatatoka kwa mstari mwembamba, na utapoteza kipande cha dari badala ya dari nzima.

Habari ya choo na maji machafu ni tofauti, na naomba niikalie kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi, nikiwamo mimi, huharibu kwa kutaka kurekebisha.

Choo kikijaa na kuelekea kumwagika, mkono hukimbilia kuvuta tena, kwa matumaini kwamba maji ya pili yatayasukuma ya kwanza. Hayasukumi. Fungua kifuniko cha tangi la choo, kandamiza kile kizibo cha mpira kilichoko chini au inua boya, kisha funga ile koki ndogo iliyo nyuma ya choo. Sasa una muda. Acha maji yashuke kidogo ndipo uchukue mpira wa kuzibulia. Maji lazima yaufunike mpira, la sivyo unasukuma hewa. Pigo la kwanza liwe la polepole, la kuitoa hewa iliyomo ndani. Yanayofuata yawe ya nguvu, na uvute kwa bidii ile ile unayosukumia, kwa sababu uchafu mara nyingi hung'oka kwa kuvutwa. Mara 10 au 15, pumzika, rudia.

Inasaidia kujua unapigana na nini. Chini ya kila sinki, na ndani ya kila choo cha kuvuta, bomba limepindwa ili maji kidogo yabaki kwenye kona. Yale maji ndiyo mlango. Yanazuia hewa ya mfereji isipande chumbani. Wazo hilo lilipata hataza mwaka 1775, alipolisajili Alexander Cumming, mtengeneza saa kutoka Uskoti, kwa bomba lililopinda kama herufi S, na mpaka leo wazo hilo la kona yenye maji bado linatumika. Ndiyo maana chumba kisichotumika kwa wiki nyingi hunuka ghafla: maji ya kwenye kona yamekauka. Mimina ndoo ya maji kabla hujamwita mtu yeyote. Na kwa kuwa ile kona ndiyo sehemu nyembamba, ndiyo inayonasa kitu kwanza. Sinki moja likiziba peke yake, weka ndoo chini, fungua kona kwa mkono, usafishe, urudishe. Hiyo si kazi ya usiku wala ya fundi.

Lakini sikiliza nyumba. Ukimwaga maji ya sinki choo kikatoa mapovu, au ukivuta choo maji yakapanda kwenye tundu la bafu, tatizo haliko kwenye kona. Bomba kuu la maji machafu limeziba, na maji yanarudi kupitia tundu lililo chini kuliko yote. Hapo kila tone linalotumika nyumbani, hata la kunawa mikono, litatokea bafuni. Zuia matumizi yote, wajulishe na wa ghorofa ya juu kama mnatumia bomba moja. Kisha, kama unaweza, inua kifuniko cha chemba ya nje iliyo karibu na ukuta. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele yake, upande wa barabarani au wa shimo. Ikiwa tupu, kiko kati yake na nyumba. Sentensi hiyo moja, ukimwambia fundi kwa simu, inaweza kumpunguzia saa nzima ya kutafuta, na saa ile unailipia wewe.

Usimimine dawa. Nasema hivi kwa moyo wote. Dawa nyingi za kuzibulia zina kostiki soda, ambayo ikikutana na maji hutoa joto kali. Kwenye bomba lililoziba kabisa haiendi popote, inakaa hapo hapo ikiwaka na inaweza kulilegeza bomba la plastiki. Mbaya zaidi ni kumimina ya pili baada ya ya kwanza kushindwa. Dawa ya klorini ikichanganyika na ya asidi hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo. Kama umeshamimina, mwambie fundi kabla hajaingiza springi yake, ule waya mrefu wa kuzibulia bomba. Ile springi inazunguka kwa kasi na hurusha kilichomo kwenye bomba, na macho yake yapo karibu.

Sasa fundi mwenyewe.

Wakati wa kumtafuta ni siku ambayo huna shida. Kila nyumba ina kitu kidogo kinachodondosha. Mwite fundi siku ya kazi abadilishe washa ya bomba moja, kile kipete cha mpira kinachozuia maji, na umtazame. Je, alifunga maji kabla hajafungua nati? Alikagua koki baada ya kumaliza? Alifuta sakafu? Alikutajia bei kabla hajafungua mfuko wa vifaa? Kwa kazi ya nusu saa utajua zaidi kuliko utakavyojua kwa sifa za watu 10. Weka namba mbili, kwa sababu usiku utakaomhitaji, mmoja atakuwa amelala au yuko mbali, na uziandike pia kwenye karatasi, maana simu nazo hulowa.

Siku ya shida ikifika, mweleze mambo machache kwa utulivu: ni maji safi au machafu, ya moto au ya baridi, yamefungwa au bado yanatoka, bomba ni la chuma au plastiki, umeme uko salama au la. Mtumie picha. Kisha nyamaza umsikilize. Hapa ndipo nilipojifunza kipimo ambacho sijaona kikikosea mpaka sasa. Fundi anayekutakia mema anauliza kuhusu koki kabla ya kuuliza unakaa wapi.

Mwaka jana kiungo cha bomba kiliachia nyuma ya choo, nami nikampigia yule mzee usiku.

“Fundi, samahani kwa saa hizi. Bomba limeachia nyuma ya choo, ni maji ya baridi. Nimeshafunga koki kuu.”

“Vizuri, dada. Umefungulia bomba la chini?”

“Nimefungulia.”

“Umeme hapo vipi?”

“Soketi ziko mbali, na pakavu.”

“Basi lala. Jaza ndoo moja ya kutumia choo kabla hayajaisha yote. Nikija saa hizi nitakutoza zaidi kwa kazi ile ile. Saa 2 asubuhi nitakuwa mlangoni.”

Alijipunguzia mapato kwa mdomo wake mwenyewe, na tangu hapo nyumba yangu haijaguswa na mtu mwingine.

Si kila jambo linangoja saa 2, na sitaki mtu asome haya akabaki na maji machafu yakipanda chumbani ili kuokoa fedha. Mwite mtu usiku kama koki haifungi, kama uchafu unarudi ndani, kama maji yamekutana na umeme, kama hita inatoa mvuke, au kama nyumbani kuna mgonjwa au mtoto mchanga na hakuna tone la maji. Ukisikia harufu ya gesi, hilo si suala la bomba la maji: usiguse swichi hata moja, tokeni nje, na upige simu mkiwa mbali. Bomba linalodondosha, choo kinachojaza maji bila kukoma, sinki moja lililoziba, hivyo vinafungwa kwa koki zake ndogo na vinangoja.

Ukilazimika kumwita usiku, kuna ombi ambalo mafundi wazuri hulipokea vizuri: mwombe afanye nusu ya kazi. Akate pale palipoharibika, aweke kizibo, ajaribu kama kinashika, na afungulie maji kwa nyumba iliyobaki. Kizibo ni kazi ya dakika chache. Ukarabati wenyewe, na hasa wazo lolote la kuvunja ukuta, uzungumzwe mchana, na ikiwezekana fundi wa pili autazame. Fundi akikuambia haiwezekani, muulize kwa nini na umpe nafasi ya kueleza. Mara nyingine kweli haiwezekani, na maelezo yake yatakuwa na maana hata kwa asiyejua kazi hiyo.

Malipo yazungumzwe kwenye simu, kabla hajatoka kwake. Je, anatoza kwa kufika tu, na ada hiyo inahesabiwa ndani ya kazi au ni ya pembeni? Saa zinaanza kuhesabiwa akiondoka kwake au akigonga mlango? Vifaa nani ananunua, na risiti zitaletwa? Kazi ikivuja tena ndani ya miezi michache atarudi bila malipo? Pale ambapo sheria inamtaka awe na leseni, muombe namba yake. Mwenye nayo hukasirika mara chache. Aandike alichokubali, hata kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili. Usilipe yote kabla. Kama nyumba ni ya kupanga, mpigie mwenye nyumba kabla ukuta haujaguswa, na kama kuna bima, piga picha za kila kitu kikiwa bado kimelowa.

Akiwa kazini, kaa karibu bila kumsumbua. Vipande vya zamani vibaki kwako; ni mali yako na ni ushahidi. Ukuta usizibwe siku hiyo hiyo. Bomba la plastiki la PVC linalounganishwa kwa gundi linahitaji saa kadhaa kabla ya kubebeshwa shinikizo, na kopo la gundi linaeleza ni ngapi kulingana na unene wa bomba na hali ya hewa; fundi mwenye haraka husema dakika 10 zinatosha. Mabomba ya plastiki ya PPR yako tofauti, huyeyushwa kwa chuma chenye joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi na kushikamana yakipoa, kwa hiyo hapo haraka yake si kosa. Na ile mipira iliyosukiwa nyuzi ina washa ndani ya nati yake: inakazwa kwa mkono na kuongezewa kidogo kwa spana. Ukiona mtu anaikaza kwa nguvu zake zote, mzuie kwa upole.

Maji yakishakoma, nyumba inahitaji kukauka ndani ya saa 24 hadi 48, kwa sababu baada ya hapo ukungu huanza kuota kwenye mbao, dari na magodoro. Fungua madirisha, vuta makabati mbali na ukuta, ng'oa zulia. Mimi nilipangusa sakafu nikaona inatosha. Nyuma ya kabati palikuwa na ukungu mweusi kwa miezi.

Yule mzee alipomaliza kazi ya kwanza kwangu, hakuniomba malipo papo hapo. Alinitaka nifunge kila bomba ndani ya nyumba, nisivute choo, kisha nimfuate nje. Aliinua kifuniko cha mita na kunionyesha kipembetatu chekundu, kidogo kuliko ukucha, katikati ya namba. “Hiki kinazunguka hata maji ya kujaza kijiko yakipita,” alisema. “Tungoje kidogo.” Tukachuchumaa pale wawili, yeye ameshika tochi, mimi nimekodoa macho, mpaka magoti yakaanza kuniuma. Kipembetatu hakikusogea.